Tumbo Joto la Sugandha

Ti. Ti. Ti.

Kifuniko cha bati kilikuwa kinalia gizani, polepole, kama chuma kinavyolia kikipata moto. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Januari, na mji wa Darbhanga ulikuwa bado umejifunika ukungu. Malti Devi aliamka akidhani ni panya. Alipapasa ukuta mpaka kwenye kitanda cha kamba cha mkaza mwanawe, akakishika chungu cha maziwa alichokuwa amekiweka hapo miguuni tangu jana jioni kwa sababu panya wa jikoni walikuwa wamezidi. Udongo wake ulikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Akafunua, akachomeka kijiko. Kijiko kikasimama wima.

Kwa siku tano mtindi ulikuwa umegoma kuganda nyumbani kwake. Maziwa yalifunikwa mfarishi, yakaviringishwa shali, yakafukiwa ndani ya pipa la mchele, na kila asubuhi yalikutwa ni maziwa yale yale, kijiko cha mtindi wa jana kikiogelea ndani yake kama mgeni asiyejua pa kukaa. Sikukuu ya Sankranti ilikuwa imebakiza wiki moja, na mtu asipokula pepeta za mchele na mtindi siku hiyo ni kama hakuuona mwaka.

Malti Devi hakupiga kelele wala hakuita mtu. Alipitisha mkono chini ya mfarishi, akaweka kiganja juu ya tumbo la mkaza mwanawe, akakitoa upesi.

"Ni huo mtihani wako," alisema.

"Ni huo, mama," Sugandha akajibu. Alikuwa macho zamani.

"Basi usijigeuze. Kuna lita mbili nyingine."

Watu wengi husema wana tumbo joto, ukiwashika unakuta ni baridi kama jiwe la mtoni. La Sugandha lilikuwa joto kweli. Lilianza mwezi wa Novemba, siku alipopokea namba yake ya mtihani, na kwanza lilikuwa vuguvugu tu, kiasi cha binti yake Titli, mwenye miaka sita, kupenda kuliegemezea mgongo. Kufikia Desemba shati la Titli lililofuliwa lilikuwa linakaukia hapo kabla ya chai kuchemka. Sugandha alikwenda kwa tabibu wa zahanati ya mtaani. Tabibu akaweka kipimajoto kwapani, akakiweka tumboni, akaandika namba mbili tofauti. Kwenye sehemu ya ugonjwa aliandika "mtihani". Kwenye sehemu ya dawa alipiga mstari.

"Wiki hii wewe ni wa kumi na mbili," alimwambia. "Wa reli wanashikwa shingoni. Wa polisi wanashikwa miguuni, hao hata viatu wanavua. Ninyi wa ualimu ni tumbo. Kunywa maji."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuingia chuo cha ualimu cha serikali. Chuo kilikuwa na nafasi hamsini. Walioomba mwaka ule walikuwa elfu tisa na kitu. Sugandha alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliolewa akiwa na kumi na tisa, akaacha shule siku ile ile, na mumewe Awadhesh alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha masweta huko Ludhiana, akirudi mara moja kwa mwaka na mfuko wa mablanketi. Tangu Titli aanze kutambaa, Sugandha alikuwa akitamani kitu kimoja tu: kusimama mbele ya darasa la watoto wadogo akiwa na chaki mkononi. Alimaliza kidato chake cha mwisho kwa masomo ya jioni. Halafu akamwomba mama mkwe ruhusa ya kujaribu chuo.

Malti Devi hakuwa mama mkwe mbaya. Alifikiri siku mbili, kisha akasema: mara moja tu. Ndoo hushushwa kisimani mara moja. Ikipanda tupu, mtu hufunga kamba akaenda zake. Sugandha akikosa, vitabu vitapimwa mzani na kuuzwa kwa mnunuzi wa karatasi, naye atachukua mtoto amfuate mumewe Ludhiana, akashone vifungo vya masweta kwenye chumba kimoja cha watu sita. Mambo yaliachwa hapo, na hakuna aliyeyarudia, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameyasikia vizuri.

Mtindi ule wa kwanza ulikatwa vipande kama jibini. Malti Devi alipeleka bakuli moja kwa jirani yake, Shangazi Phulo, ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima kwa kutambua mtindi mwema. Shangazi Phulo alilamba, akafumba macho, akauliza umegandishwa wapi kwenye baridi hii. Akaambiwa. Kesho yake jioni alikuja na bakuli lake la maziwa, akaliweka chini ya kitanda cha kamba, akakaa kidogo kwa adabu.

"Mama Titli," alisema, "nasikia mmefika elfu kumi sasa."

"Nilisikia tisa, shangazi."

"Ilikuwa tisa juzi."

Kifuniko kikalia, ti. Shangazi Phulo akaaga.

Baada ya siku nne vyungu na mabakuli yalikuwa yamejipanga chini ya kitanda na pembezoni mwake, na Sugandha alikuwa analala katikati kama kuku aliyeatamia mayai ya majirani. Kila aliyeleta maziwa alileta na habari. Mmoja alisimulia binti wa kichochoro cha pili aliyezimia akiwa na kalamu mkononi. Mwingine alikuwa na shemeji aliyefanya mtihani ule mara saba na sasa anauza kadi za simu. Walisema kwa upole, wakimtazama usoni, kama mtu anavyopepea jiko la mkaa: si kwa nguvu, kiasi tu moto usilale. Halafu wakaenda kulala, na asubuhi wakaja na vijiko.

Sugandha hakuwachukia. Alishangazwa zaidi na tumbo lenyewe, akaanza kulichunguza. Nyuma ya daftari lake la hesabu alichora safu mbili: somo alilosoma, na namna maziwa yalivyotokea. Hesabu ziligandisha kwa saa nne. Kisanskriti kilichukua sita. Maarifa ya jumla yaligandisha upesi kupita yote, saa moja na nusu, lakini mtindi wake ulikuwa mchachu na ulitoa maji. Baadaye aligundua kwamba hata hofu zina ladha mbalimbali. Hofu ya kusahau ilitoa mtindi mwepesi. Hofu ya watu watasema nini ilitoa utando wa njano juu. Lakini akimfikiria Titli akiwa Ludhiana, kwenye chumba cha watu sita, bila shule, mtindi ulitoka mzito, mtamu, unaokatika kwa kisu, na huo ndio Shangazi Phulo aliokuwa akiusifia mpaka sokoni.

Masomo ya jioni ya kujiandaa na mtihani yalikuwa juu ya duka la mbegu, chumba kimoja, watu tisini. Hapakuwa na jiko, wala halikuhitajika. Madirisha yalikuwa yanatiririka maji kwa ndani, na Mwalimu Karn alifundisha akiwa amevaa fulana peke yake huku nje watu wanakoka moto wa takataka barabarani. Mwenye jengo alikuwa ametundika kamba tatu ukutani, nguo za familia yake zikikauka humo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wanafunzi walijifunza kuinama chini ya shuka bila kupoteza mstari.

Mwalimu Karn alikuwa mtu mwembamba aliyewahi kukosa mtihani huo huo kwa alama moja, miaka ishirini iliyopita. Alijua tumbo ni nini. Mwanzoni mwa kila kipindi aliwafundisha kupumua: vuta kwa hesabu ya nne, shika kwa nne, toa kwa sita. Aliwaambia walale. Aliwaambia wale chakula hata kama hawana hamu, waandike kila somo kwenye ukurasa mmoja tu, na wasiulizane wamefika sura ya ngapi. "Anayekwambia amemaliza hajamaliza," alisema, "na aliyemaliza hana habari na wewe." Wanafunzi walipumua, na kwa dakika kumi chumba kilipoa mpaka madirisha yakatakata na mtu akaiona barabara.

Wiki ya pili mwenye jengo alipanda ngazi akiwa na suruali mbichi mkononi. Hakugomba. Alimwomba Mwalimu Karn aitazame suruali hiyo, na pindo zake, kisha afikirie. Tangu siku hiyo kupumua kulihamishiwa dakika tano za mwisho, nguo zikishaanuliwa.

Sugandha alijaribu kupumua nyumbani. Alikaa juu ya kitanda miguu imekunjwa, akavuta kwa nne, akashika kwa nne, na chini yake chungu kikubwa cha Sankranti kikawa kimya. Asubuhi maziwa yalikuwa maziwa. Malti Devi alitikisa chungu, akasikiliza yanavyocheza ndani.

"Jana ulisoma kweli?" aliuliza.

"Nilisoma, mama. Nilipumua pia."

Malti Devi aliweka chungu chini taratibu. Alisema kupumua ni kuzuri, kila mtu anapumua, lakini zimebaki siku tatu kabla ya Sankranti na ameahidi nyumba kumi na nne. Baada ya hapo mkwe wake apumue atakavyo. Jioni ile simu ya Awadhesh ikapigwa kutoka Ludhiana, ingawa haikuwa siku yake ya kupiga. Alimwuliza Titli kama amekula. Akamwuliza Sugandha kama amekula. Kisha, mashine za masweta zikisikika nyuma yake, akasema kwamba kiwandani wanapunguza watu.

"Ni kweli?" Sugandha akauliza.

"Mama amesema nikwambie."

Sugandha akacheka, na Awadhesh naye akacheka, kwa aibu. Mtindi wa siku ile ulikuwa maji matupu, na nyumba mbili zilikula Sankranti na maziwa na sukari. Wenye nyumba hizo walimwangalia Sugandha kisimani kama anavyoangaliwa mtu aliyekopeshwa mwavuli akaupoteza.

Kilichompoza hasa alikigundua kwa bahati. Titli alikuwa amekaa naye kitandani na kibao chake, anahangaika na herufi. Alikuwa anajua zote moja moja, lakini zikikaa pamoja alizikimbilia kama mtoto anayevuka barabara, akaangukia neno lingine kabisa. Sugandha alifunga kitabu chake cha malezi na ufundishaji, sura ya nane, ambayo kwa nusu saa ilikuwa imemchemshia mabakuli manne. Alimwekea binti yake kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Usikimbie," alimwambia. "Hakuna anayekufukuza. Isome kwanza moyoni, silabi moja moja. Ukishaijua, ndiyo uitoe."

Titli akasoma moyoni, midomo ikicheza. Sugandha akangoja. Hakumsaidia, kwa kuwa sura ya nane ilisema usimsaidie, na sasa aliona kwa nini. Ikapita robo saa, na mahali fulani katikati yake vifuniko vyote vilinyamaza, kimoja baada ya kingine, na Sugandha alipojishika tumbo alikuta ni tumbo tu.

Jambo hilo hakulisema. Aliliandika nyuma ya daftari kwenye safu ya kwanza: "Titli". Safu ya pili aliandika: "maziwa". Tangu hapo aligawa siku zake. Asubuhi na mchana alisoma kwa ajili ya mtihani na majirani wakapata mtindi wao. Jioni, kabla ya taa kuwashwa, alimfundisha Titli kile alichokisoma yeye mwenyewe mchana: sehemu na desimali kwa chapati iliyokatwa, mikoa na mito kwa unga uliomwagwa sakafuni, na kila kitu alichomweleza mtoto wa miaka sita kilikaa kichwani mwa Sugandha na hakikutoka tena.

Mtihani ulikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, katika shule moja ya wilaya jirani, mwendo wa saa tatu kwa treni. Shangazi Phulo alisimama mlangoni alfajiri akiwa ameshika samaki mbichi kwa mkia, ili kitu cha kwanza atakachokiona msafiri kiwe samaki, ishara ya heri, na Malti Devi akamlisha mkaza mwanawe kijiko cha mtindi na sukari kwa mkono wake mwenyewe, kama inavyofanywa kwa kila mtu anayekwenda kwenye mtihani. Sugandha aliumeza. Ulikuwa mtindi wa usiku wake mwenyewe, na aliitambua ladha: ilikuwa ile hofu ya chumba cha watu sita.

"Nenda ukashushe ndoo," Malti Devi alisema. Mkono wake ulikawia kidogo kwenye shavu la mkwe wake.

Getini walivua viatu na kuvaa kandambili, kama kadi ya mtihani ilivyoamuru. Wanawake walivua bangili na pini za nywele. Vipini vya pua visivyotoka vilibandikwa plasta. Askari wa kike aliwapapasa mifukoni, halafu akamwekea kila mmoja mgongo wa mkono tumboni. Waliokuwa na joto walipita. Wasio na joto waliulizwa jina, wakapita. Sugandha alipita na joto lake.

Ndani ya ukumbi, chini ya kila benchi, kulikuwa na chungu cha maziwa kilichofunikwa jani la mgomba. Msimamizi mkuu, bwana mnene wa shali ya kijivu, alieleza kabla ya karatasi kugawiwa. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake. Wageni ni mia nane. Kijiko cha mtindi wa jana kimekwisha kuwekwa, kwa hiyo watahiniwa hawana kazi yoyote ya kufanya zaidi ya mtihani wao. Muda ni saa mbili na nusu, unatosha kwa yote mawili. Wasivisukume vyungu kwa miguu.  Mtu mmoja nyuma alitaka kujua kama atakayekwenda chooni aende na chungu chake, akaambiwa hapana.

Kengele ikagonga. Swali la kwanza Sugandha alilijua. La pili alilijua, lakini alilisoma mara nne. Kufikia la sita maneno yalikuwa yanaruka mstari, jasho linashuka mgongoni, na chini ya benchi lake jani la mgomba lilikuwa limeanza kujikunja pembezoni kwa moto. Ukumbi mzima ulikuwa umepata harufu ya maziwa yanayogeuka. Alivuta kwa nne. Alishika kwa nne. Joto likapungua kidogo, likarudi. Aliona kwamba nafasi hamsini zimekaa ukumbini kama watu hamsini wenye mabegi, na wote wanamtazama mtu mwingine.

Ndipo, kwa mawazo, alipomkaribisha Titli. Alisogea kidogo upande wa kulia wa benchi, akamwachia nafasi. Titli akakaa, akaegemea kiwiko chake, akauliza hilo la sita linasema nini. Sugandha akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akamsomea moyoni, silabi moja moja. Akamweleza. Alipomaliza kumweleza, jibu lilikuwa limebaki moja tu, akakijaza weusi kiduara chake. Walikwenda hivyo mpaka swali la mia na hamsini. Mara mbili Titli alichoka, akataka kujua kama samaki wa Shangazi Phulo keshaliwa. Sugandha alimjibu, kisha wakaendelea. Msimamizi alipita karibu nao, akatazama nafasi ya kulia, akamwambia Sugandha asinong'one.

Upande wa dirisha walikaa vijana kumi na wanne waliofika pamoja kwa gari moja. Hao walimaliza kwa dakika arobaini. Waliweka kalamu, wakashika tama, na mmoja akalala akikoroma kidogo.

Kengele ya mwisho ilipogonga watahiniwa waliamriwa wabaki wamekaa, na msimamizi mkuu akapita na karani na kijiko. Alichomeka kijiko kwenye kila chungu, kikasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na wapagazi wawili wakabeba. Alipofika dirishani kijiko kilianguka. Kikaanguka tena. Vyungu kumi na vinne, vyote maziwa. Watu wakageuza shingo, wakaona, na kila mmoja katika ukumbi ule akaelewa vijana wale waliuona mtihani lini.

"Hao tunawajua," msimamizi alimwambia karani. Alikuwa amekasirika kidogo, kwa sababu ya maziwa.

Kisha akafika kwa Sugandha. Jani la mgomba lilikuwa limeungua pembe moja. Kijiko kilizama mpaka chini.

"Na huyu je? Wewe, dada. Karatasi uliiona wapi?"

"Hapa, bwana. Mmenipa ninyi."

"Mbona hukuogopa?"

"Nimeogopa tangu Novemba," Sugandha alisema. "Leo nilikuwa nafanya mtihani."

Msimamizi alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, kama mtu anayetazama mashine ambayo haijaharibika wala haifanyi kazi. Karani alikuwa ameshika kalamu juu ya jedwali la taarifa. Vyungu kumi na vitano havikuganda. Aliuliza kwenye safu ya sababu aandike nini.

"Andika baridi ya hewa," msimamizi alisema.

Jumanne yake Mwalimu Karn alikaa na Sugandha juu ya duka la mbegu, chini ya shuka za mwenye jengo, wakapitia maswali yote mia na hamsini. Alihesabu mara mbili. Zilikuwa alama mia thelathini na moja. Mtu wa hamsini wa mwaka uliopita alikuwa na mia kumi na nane. Mwalimu Karn aliweka kalamu chini akavaa shati lake, vifungo vyote mpaka cha shingoni, kabla ya kumpa mkono.

Malti Devi alipoambiwa aliendelea kuchambua dengu. Alimaliza sinia lote. Baadaye alifungua sanduku lake la chuma, akatoa sari ya pamba nyeupe yenye pindo la buluu ambayo hakuwahi kuivaa, akaitundika nje itoke mikunjo. Walimu huvaa sari kama hizo. Alimwekea tena mkono tumboni, akakuta ni baridi, akasema kwa siku chache watakula maziwa, si kitu, maziwa nayo ni chakula. Awadhesh alipopiga simu aliwasikilizisha wenzake wote wa chumbani, na Sugandha akasikia watu watano wa Ludhiana wakimpongeza kwa zamu.

Siku ya kumi na moja baada ya mtihani jua lilitoka. Ukungu ulikonda, na Sugandha alikuwa ua wa nyuma anamchana Titli nywele, Shangazi Phulo alipoingia na bakuli. Aliliweka kizingitini. Hakukaa.

"Liache tu hapo, mama Titli," alisema. "Sina haraka."

Sugandha alimkumbusha kwamba moto umekwisha. Shangazi Phulo alisema anajua, akatazama ile sari nyeupe kwenye kamba, akasema ameacha kitu jikoni. Hazikupita dakika tano akaja mke wa mwenye duka la mbegu na chungu cha lita tatu. Akaja mtu wa tabibu. Wakaja dada wawili wa kichochoro cha pili, wameshikilia sufuria moja huku na huku, na wengine wanne baada yao. Kila mmoja aliweka chini taratibu, kama wanavyoweka vitu mahali penye mgonjwa, na hakuna aliyeleta habari yoyote. Sugandha aliinua pindo la blauzi, akawaambia wahakikishe wenyewe, ni baridi. Hakuna aliyegusa.

"Wana nini leo?" Malti Devi aliuliza. Alikuwa ameanza kupanga mabakuli kwa ukubwa, kwa mazoea tu, akageuka na kuyahesabu kwa kidole. Nane. Sugandha naye aliyahesabu. Alitaka sana kujua, na kwa kuwa hakuwa na la kuogopa, aliyatazama kama fumbo la watoto: bakuli nane, tumbo moja, moto hakuna.

Titli alikuwa amechuchumaa mbele ya bakuli la Shangazi Phulo. Lilikuwa limefunikwa ukurasa wa gazeti la asubuhi ile, umefungwa kwa uzi mwekundu, na juu kabisa palikuwa na mstari wa herufi nene kuliko zote. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Malti Devi alitaka kusema kitu. Sugandha akamshika mkono amzuie, kwa furaha, kwa sababu mtoto alikuwa ameweka kidole chini ya neno mwenyewe bila kuambiwa, na hakuwa anakimbia. Alikwenda silabi moja moja, moyoni. Alikwama, akarudi nyuma, akaanza upya. Wanawake wawili walingoja bila kumsaidia, wameshikana mikono juu ya mabakuli. Kidole kilifika mwisho wa mstari. Titli akainua uso, akavuta pumzi, akausoma wote kwa sauti.

"Mtihani wa ualimu utarudiwa."